Nimehamia Dodoma, nitampataje msusi wa kumwamini?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni mtumishi wa umma, nimehamishiwa Dodoma kutoka Tanga mwaka huu. Tanga nilikuwa na msusi mmoja tangu nikiwa chuo. Hapa nimeshasuka kwa watu watatu tofauti, na wa mwisho alinisuka rasta ndogo ndogo mpaka nikameza panadol ndipo nikalala. Sasa nywele za mbele, pembeni, zinapungua, na nywele zote zimekuwa ngumu. Huwa naweka dawa ya kunyoosha nywele kila baada ya miezi miwili au mitatu. Nitampataje msusi mzuri hapa? Au nivumilie mpaka likizo nirudi kwa yule wa Tanga?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Umeniuliza habari za msusi, lakini kwanza tuzungumze kuhusu hizo rasta. Kama bado ziko kichwani, zifumue wiki hii, hata kama zina siku chache na ulizilipia pesa nyingi. Kusuka hakuhitaji panadol. Maumivu yanayokunyima usingizi maana yake mashina ya nywele yanavutwa kupita uwezo wake. Mvuto huo ukirudiwa mwezi baada ya mwezi, shina huchoka, huanza kutoa nywele nyembamba, na mwisho huziba na kuacha kovu. Likishafika huko hakuna mafuta ya kuirudisha nywele, yawe ya nyonyo, ya nazi au ya mwarobaini.

Ukiwahi, nywele hurudi. Simama karibu na dirisha mchana, shika kioo, uangalie kuanzia kwenye paji la uso hadi juu ya masikio. Kama vinywele vifupi bado vipo na ngozi ina vitundu vyake, shina liko hai. Vipele vyenye usaha kandokando ya mistari vinaonyesha ngozi imevutwa mno, na vingi hutulia ukishafumua. Lakini ukikuta ngozi imekuwa laini inang'aa, haina vitundu, au nywele zinapungua kuanzia utosini na kusambaa kwa duara, usipoteze muda kwa msusi yeyote. Nenda hospitali ya rufaa, uombe kuonana na mtu wa magonjwa ya ngozi. Huo upungufu wa utosini unaweza kuwa ugonjwa unaowapata zaidi wanawake weusi na huacha makovu taratibu, kwa hiyo kuchelewa kuna gharama. Nchini kwetu kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, na waliosomea pale utawakuta katika hospitali za mikoa mbalimbali. Usiogope kuonekana umepeleka "jambo dogo" hospitali.

Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Ukizipumzisha leo, usitegemee kuona mabadiliko ya maana kabla ya miezi 3, na pembeni pakijaa vizuri itakuwa miezi 6 au zaidi. Muda wote huo pembeni pasiguswe na rasta, wala kushonea, wala gundi ya wigi. Weka jambo hili akilini, kwa sababu litakusaidia kumpima huyo msusi mpya.

Sasa ule ugumu wa nywele. Hapa nawatetea kidogo wasusi wako watatu: huenda si kosa lao lote. Tanga ni pwani, hewa ina unyevu mwaka mzima. Dodoma ni nyanda kavu, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wake hukausha midomo, sembuse nywele. Juu ya hayo, maeneo mengi ya Dodoma hutumia maji ya visima yenye chumvi nyingi. Utaona shampuu haitoi povu, na nywele zikikauka zinakuwa kama zimepakwa kitu. Zimepakwa kweli, ni madini ya kwenye maji yanayobaki juu ya unywele. Kila ukiosha, tumia shampuu, suuza kwa maji ya bomba kama kawaida, halafu umalizie kwa lita mbili tatu za maji laini, yaani yasiyo na chumvi. Maji ya mvua ni bora kuliko yote ukiweza kuyakinga. Kama huna, ya dukani yatafaa. Usipake mafuta kwenye nywele kavu ukidhani unazilainisha. Zilowanishe kwanza au upake losheni ya nywele, ndipo mafuta yafuate ili kuzuia unyevu usitoke.

Ili ujue zinakatika au zinang'oka, chukua nywele zilizobaki kwenye kitana uziangalie moja moja. Yenye kijivimbe cheupe upande mmoja imetoka na mzizi. Isiyo nacho, tena fupi, imekatika. Zikiwa nyingi zimekatika, shida ni ukavu au dawa. Zikiwa nyingi zimetoka na mzizi, na zinatoka pale pale pembeni, ni mvuto. Na ukifumua usishtuke ukiona bonge la nywele. Mtu mzima hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku, na ukisuka kwa wiki 4 zote hizo hubaki zimenaswa humo ndani. Hiyo ni nywele 1,400 hadi 2,800 zinazoonekana siku moja.

Haya, tumtafute msusi.

Wengi wetu tukihamia mji mgeni tunafanya ulichofanya wewe. Tunaona picha nzuri kwenye simu, au saluni yenye vioo na viti vipya, tunaingia. Picha hupigwa dakika tano baada ya kusuka, kichwa kikiwa kinang'aa kwa jeli. Inakuonyesha mikono yenye kasi na mistari iliyonyooka, basi. Nikitaka kujua msusi anafanya nini hasa, natazama vichwa vya wateja wake wa zamani siku wanapofumua. Mteja aliyesukwa na mtu huyo huyo mwaka mzima akifumua na pembeni pake bado pamejaa, huyo msusi ana mkono mzuri. Wateja wake wa kudumu wakiwa wote wanafunga kitambaa kuficha pembeni, umeshapata jibu, hata kama mitindo yake ni ya kuvutia kuliko ya mtu mwingine yeyote mjini.

Picha nazo zina la kukuambia ukijua pa kuangalia. Ikuze hiyo picha kwenye simu, uangalie pale rasta inapoanzia. Ngozi ikiwa imeinuka vilima vidogo vidogo kama ya kuku aliyenyonyolewa, imevutwa sana, na huyo mteja anayetabasamu usiku huo hakulala. Ngozi ikiwa tambarare na rasta imelala bila kuivuta, endelea kumfikiria huyo msusi.

Kwa hiyo anza na vichwa vilivyo karibu yako. Dodoma ina faida ambayo miji mingi haina: tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko kwa nguvu mwaka 2016, mji umejaa watu waliotoka mikoa mingine, na karibu kila mwanamke katika ofisi yenu amewahi kuulizana na wenzake unalouliza wewe. Mtafute ambaye nywele zake zinafanana na zako. Kama zako ni za dawa na nyembamba, usimuulize mwenye kipilipili kizito, kwa sababu kinachomfaa yeye kinaweza kukuharibu. Ukishampata, usiishie kumuuliza anasuka wapi. Muulize amesuka kwa huyo mtu muda gani, aliwahi kuumia, na akifumua anaonaje pembeni. Mwambie na jina la msusi akutajie, jina la saluni pekee halitoshi.

Wala usifikirie saluni pekee. Baadhi ya mikono bora ninayoifahamu haina bango wala kioo. Ni mama anayesukia barazani kwake Nkuhungu au Chang'ombe, ana wateja wawili kwa siku na hataki zaidi. Kizuri chajiuza, na huyu utamjua kwa foleni ya majirani zake. Vijana wa Kimasai wanaosuka mitaani nao ni stadi kweli kwa rasta na twisti, mistari yao imenyooka na wana mikono miepesi. Ila wengi wao husuka kwa kukaza ili kazi idumu, kwa hiyo ukienda kwao sema mapema, na uendelee kusema.

Ukishapata majina mawili matatu, nenda ukakae. Chagua Jumanne au Jumatano asubuhi, usiende Jumamosi, mwisho wa mwezi wala mkesha wa sikukuu, maana siku hizo hata msusi mzuri anakimbizana na foleni. Sema umekuja kuuliza bei na kuosha nywele. Ukiwa pale, tazama wanavyofumua. Hapo ndipo tabia ya saluni inapojulikana, kwa sababu kufumua hakulipi vizuri na hakuna anayepiga picha. Je, wanakata rasta karibu na nywele ya mtu ili wamalize haraka? Wanachana kuanzia kwenye mzizi kwenda chini, wakipasua fundo kwa nguvu? Au wanaanza nchani, wanapanda taratibu, wanalowanisha lile gamba la vumbi na mafuta lililojikusanya pale rasta ilipoanzia kabla hawajapitisha kitana? Mtu anayefumua kwa subira atakusuka kwa subira.

Tazama pia jambo moja ambalo limewaliza wengi. Saluni ina jina la dada mwenyewe, lakini ukikaa kwenye kiti unazungukwa na wasichana wawili au watatu, kila mmoja ameshika upande wake. Kazi inaisha haraka, lakini mikono mitatu ina nguvu tatu tofauti. Upande wa kushoto unatulia, wa kulia unawaka moto. Wanaojifunza lazima wajifunzie kwenye kichwa cha mtu, na sina ugomvi nao, mimi mwenyewe nafundisha. Ila mwanafunzi aanzie nyuma, katikati ya kichwa, ambako nywele zina nguvu. Omba mbele na pembeni asuke yule uliyeambiwa jina lake, na uombe hivyo kabla hujakaa.

Halafu kuna mazungumzo. Msusi mzuri atakuuliza maswali kabla hujamuuliza wewe. Atataka kujua uliweka dawa lini, ulifumua lini, kichwa kinawasha, una kidonda, ulishawahi kudhurika na rangi. Atapitisha vidole kichwani na kuangalia pembeni kabla hajataja mtindo. Sasa mjaribu kwa ile hali yako. Mwambie, "Nataka rasta ndogo ndogo mpaka mbele kabisa, zikae miezi miwili." Akisema sawa, chagua rangi, mshukuru uondoke. Akikuambia, "Dada, hapa pembeni pamechoka, tusukie kubwa kidogo na haya malaika ya mbele tuyaache," kaa kwenye kiti. Anayekubali kupoteza pesa ya leo ili kichwa chako kibaki salama ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Usimpe kichwa chote mara ya kwanza. Anza na kuosha na stimingi. Utaona anavyoshika nywele mbichi, kama anakuna ngozi kwa kucha au anatumia ncha za vidole, kama anakausha maji kwa kusugua taulo au kwa kulibonyeza. Mara ya pili omba twende kilioni au mistari michache isiyo na nywele za kuongeza, ambayo ukiona inauma unaifumua jioni hiyo hiyo bila hasara. Mara ya tatu ndiyo rasta, na uombe zile zisizoanza na fundo, ambazo nywele bandia huongezwa kidogo kidogo kadiri anavyoshuka. Zinachukua muda mrefu na zinagharimu zaidi, lakini shina halibebi uzito wote siku ya kwanza. Kaa nazo wiki 4 hadi 6. Kama nywele bandia zinakuwasha, ziloweke usiku kucha kwenye maji yenye siki kidogo, uzisuuze na kuzianika kabla ya kwenda nazo. Wateja wengi hupata nafuu kwa njia hiyo.

Dawa ni suala jingine, na hapo viwango vyangu ni vikali zaidi. Kwa kusuka sijali mtu amejifunzia wapi. Wengi walio bora walifundishwa na shangazi zao uani. Kwa dawa na rangi napenda mtu aliyesomea, chuo cha ufundi cha VETA au kwa fundi mwenye sifa, kwa sababu dawa nyingi za kunyoosha zina magadi makali yanayoweza kuunguza ngozi kwa dakika chache. Mwulize akuonyeshe kopo lenyewe, lenye jina, nguvu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Dawa iliyochotwa na kuwekwa kwenye kikopo kisicho na jina usiikubali. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, shirika la viwango, lakini bidhaa za mlango wa nyuma bado zipo mitaani, na ngozi inayoungua ni yako.

Siku ya dawa, mtazame. Apake vaselini kuzunguka kichwa na masikio, apake dawa kwenye nywele mpya zilizoota tu, asiipitishe kwenye zile zilizokwisha nyooka. Ukisema inaunguza, aioshe hapo hapo. Yale maneno "vumilia kidogo ishike" yamewaacha wanawake wengi na vidonda. Baadaye atumie shampuu ya kuondoa dawa, na arudie. Ipo ile ambayo povu lake huwa la waridi dawa ikiwa bado imebaki, na inakusaidia kuona mwenyewe. Asikuwekee dawa siku uliyofumua. Ngozi imetoka kuvutwa, ipe wiki mbili. Kwa hali yako ya sasa, ningekuomba usiweke kabisa mpaka pembeni parudi, na baada ya hapo usishuke chini ya wiki 10 kati ya dawa na dawa.

Na kwa kuwa unaweka mara kwa mara, ni haki yako kulijua hili. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kwa wasiotumia bidhaa za kunyoosha nywele, waliokadiriwa kupata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70 walikuwa asilimia 1.64, kwa waliozitumia zaidi ya mara 4 katika mwaka uliotangulia walikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na idadi yenyewe bado ni ndogo. Lakini unanitosha mimi kumwambia mteja apunguze, na unanitosha kumtilia shaka msusi anayekuhimiza uweke dawa kila akiona nywele zimeota.

Ukitokea pwani kama wewe, kuna jambo jingine la kumwambia kabla hajakuwekea rangi. Kama uliwahi kuchorwa piko harusini na ngozi ikawasha au ikatoa malengelenge, usiweke rangi nyeusi kichwani bila kujaribiwa kwanza. Kemikali iliyomo kwenye piko ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye rangi nyingi nyeusi za nywele, na mwili ukishaikataa mara moja, mara ya pili huikataa kwa ukali zaidi. Apake kidogo nyuma ya sikio, usubiri saa 48.

Usafi hauhitaji maneno mengi. Vitana vioshwe kwa sabuni kati ya mteja na mteja, visibaki na nywele za mtu. Mapunye husafiri kwa kitana na mashine, na yakishaingia kwenye nywele hayaponi kwa krimu, yanahitaji vidonge. Kiwembe cha kusafishia shingo kitolewe kwenye karatasi yake mbele yako. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwa hiyo kiwembe kilichofutwa kwa pamba hakikutoshi.

Wewe nawe una wajibu wako. Wanawake wengi huumia wakiwa wamenyamaza, kwa sababu dada ni mwema, anapiga stori nzuri, na tunaona aibu kumkwaza. Sema "hapa punguza" kwenye rasta ya kwanza. Rasta ya hamsini imeshachelewa. Msusi anayejua kazi yake hakasiriki, analegeza. Akinuna au akikuambia una kichwa laini, umeshamjua. Ukimpata aliye sawa, weka miadi, fika kwa wakati na nywele zilizofumuliwa na kuoshwa, mlipe mlichokubaliana bila kumpunguzia dakika ya mwisho. Wasusi wa namna hiyo huwa na wateja wa kutosha, na humwekea nafasi yule anayewaheshimu.

Kuhusu yule wa Tanga, usimsubiri kwa kila kitu. Ukingoja likizo utakaa miezi na nywele zisizohudumiwa, na mwisho utaingia saluni yoyote kwa kuchoka. Ila mpigie simu leo. Yeye anakijua kichwa chako kuliko mtu yeyote: alikuwa anatumia dawa gani na ya nguvu gani, alikuwa anaiacha dakika ngapi, mistari alikuwa anaipasua kwa ukubwa gani, sehemu gani ya kichwa chako alikuwa anaisuka kwa kulegeza. Andika yote kwenye simu yako, mwombe na picha kama anazo za miaka ile, uende nazo kwa huyo mpya. Na muulize kama anamfahamu mtu Dodoma, kwa sababu wasusi waliofundishwa pamoja huwa wanajua kila mmoja alikokwenda kufungua.